Madoa Kumi na Tisa ya Kerende

Kerende, Nyamongo
9 Julai 2024

Shangazi Waisiko,

Shikamoo. Nimeitanguliza shikamoo kabla ya neno lolote, usije ukasema tena kwamba mgodi umenifundisha kuendesha lori la mawe na kunisahaulisha adabu. Hujambo na mguu wako? Baba, yaani kaka yako, yupo Kemambo na hali yake ni nzuri. Jumapili alitembea hadi kanisani kwa miguu na kurudi akigombana na kila aliyempita kwa bodaboda. Irine bado yuko chuoni Musoma, amebakiza miezi mitano amalize kozi yake ya uuguzi. Anakusalimia sana.

Sasa shangazi, nina tatizo la kitaalamu. Majani mbele ya nyumba yameota madoa. Nayasema majani yale ya Irine, ukoka alioupanda mwenyewe shina kwa shina, akiwa amepiga magoti wiki nzima, mimi nikimchotea maji. Madoa ni ya njano kwanza, halafu yanakuwa ya kahawia. Nimeyahesabu. Yalikuwa sita mwezi wa sita, sasa yapo kumi na moja.

Unajua yale majani ni ya nini. Mama mkwe hawezi kuingia ndani kwangu kwa mila zetu, na huko nyuma kuna jiko na kuku. Kwa miaka minne tangu tuoane hajawahi kufika, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kumkalisha pa heshima. Irine akasema, "Basi nitampandia mama yangu sebule ya nje." Ndiyo hiyo sasa inaota madoa, na mama mkwe huyo, mama Bernadetha, anakuja na Irine mwezi wa kumi na mbili. Irine akirudi akakuta sebule ya mama yake ina upele, mimi sijui nitalala wapi.

Wewe umetunza majani ya hoteli ya watalii miaka ishirini na miwili. Nisaidie. Nakuomba usimwambie mama mkwe, najua mko jumuiya moja.

Mwanao,
Nyangwine

*

Mugumu
20 Julai 2024

Nyangwine mwanangu,

Marahaba. Barua yako Deus kondakta amenipa stendi, imekunjwa ndogo kama dawa ya kienyeji. Mimi ni mzima. Mguu upo, unauma mvua ikitaka kunyesha na unauma isiponyesha. Mtama wangu ndege wameula nusu. Mwanangu Irine mwambie nimefurahi anakaribia kumaliza.

Na usiniulize tena kwa nini sipokei simu yako. Kwenye simu nikikuuliza jambo la maana unasema "haloo, haloo, shangazi unakatikakatika," halafu unakata. Karatasi haikatikikatiki. Ukiandika uongo unabaki hapo na mwandiko wako, na mimi nina miwani mipya.

Sasa majani. Kusema "madoa" ni kama kumwambia daktari "naumwa". Piga magoti mura, kijana wangu, nyumba yako mwenyewe hakuna atakayekucheka. Shika majani ya kwenye doa uvute. Yakitoka yote kama mkeka, chini kuna funza weupe wanakula mizizi. Yakigoma kutoka, si funza. Asubuhi, umande ukiwapo, angalia kama kuna utando kama wa buibui. Huo ni ukungu, unatokana na watu wanaomwagilia jioni. Angalia ncha za majani: zikiwa zimechanikachanika, panga lako ni butu. Chomeka bisibisi ardhini. Ikikataa kuingia, mmepakanyaga mno.

Halafu, na hili ndilo kubwa, niambie pembezoni mwa doa pakoje, na nani anamwaga nini hapo. Nichoree ramani, kila doa mahali pake. Usitie dawa yoyote. Narudia: usitie kitu.

Na mama Bernadetha mimi ndiye niliyemwambia akubali kuja. Nimemwambia mkwe wake ana majani kama ya hoteli. Kwa hiyo usifikiri ni aibu yako peke yako.

Shangazi yako,
Waisiko

*

Kerende
4 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa mtama. Baba anasema ndege wa huko kwenu hawana adabu kwa sababu wamezoea watalii. Huku vumbi ni jingi, malori yanapita usiku na mchana.

Ifuatayo ni taarifa. Madoa sasa ni kumi na tisa. Nimeyapa namba. Nimevuta doa namba moja hadi namba saba, majani hayatoki, nimebaki na majani mkononi na mizizi imebaki chini. Utando hakuna. Panga nimelinoa. Bisibisi imeingia vizuri kila mahali. Katikati ya kila doa pamekufa, rangi ya chai ya maziwa. Pembezoni, shangazi, ndipo pa ajabu: kuna duara la majani mabichi kabisa, marefu, ya kijani kuliko bustani yote.

Nilipoona hivyo nikaelewa mwenyewe. Nikasema pembezoni pameshiba, katikati pana njaa. Nikanunua urea, nikaweka kiganja kimoja kimoja katikati ya kila doa. Najua ulisema nisitie kitu, ila barua yako ilifika Jumatano na urea niliitia Jumanne. Sasa madoa yamepanuka.

Ramani nimeambatanisha. Nimetumia rula ya kazini.

Kuhusu swali lako la nani anamwaga nini, hakuna anayemwaga kitu. Naishi peke yangu. Mbwa sina. Mnyama yeyote wa kusumbua majani hayupo. Naona pia swali hilo si la kitaalamu sana.

Irine kila jioni ananiomba picha ya majani. Namtumia.

Mwanao,
Nyangwine

*

Mugumu
13 Agosti 2024

Nyangwine,

Marahaba. Tumezika mzee mmoja wa jumuiya, mama Bernadetha ndiye aliyeongoza nyimbo, na sauti bado anayo. Mimi nimepika uji wa watu themanini na bado nimepata nguvu ya kukaa na ramani yako. Nimeiweka mezani, nikaweka taa, nikacheka mpaka jirani akaja kuuliza.

Sikiliza. Mwaka wangu wa tatu pale hotelini tulipata madoa kama haya. Katikati pamekauka, pembezoni pamestawi. Meneja akasema ni wafuaji nguo wanamwaga sabuni, akataka kumfukuza mtu. Mimi nikamwambia, bosi, huyu ni nyati. Anaingia alfajiri, anakojoa, anaondoka. Mkojo ni mbolea kali. Unapodondokea mwingi unaunguza, unapofikia kidogo unarutubisha. Ndiyo maana ya lile duara lako la kijani. Kwa hiyo wewe mtaalamu umechukua mahali palipouawa na mbolea ukapaongezea mbolea.

Mbwa huacha doa la sahani. Wewe umeandika kwenye ramani kwa mkono wako kwamba doa namba nne ni la upana wa sinia.

Halafu hii ramani. Doa la kwanza liko kwenye kona ya geti. Hatua nne, doa la pili. Hatua nne, la tatu. Linafika ukutani, linageuka, linarudi, hatua nne, hatua nne. Mura, nimeona ukungu, nimeona funza, nimeona mchwa, sijawahi kuona ugonjwa wenye nidhamu namna hii. Ugonjwa gani unahama hatua nne na kupiga kona?

Sikuulizi kama yupo. Nakuuliza ana meno mangapi.

Shangazi yako,
Waisiko

*

Mugumu
17 Septemba 2024

Nyangwine,

Mwezi mzima. Deus anasema anakuona stendi ya Nyamongo na ukimwona unaingia dukani. Anasema juzi uliingia duka la vitambaa vya harusi.

Mama Bernadetha ameshona gauni la kuja kwako. Ameniuliza kama majani yatachafua rangi ya krimu. Nimemjibu hayatachafua. Sasa nisipopata barua Jumamosi, Jumatatu napanda basi, na mimi ni shangazi wa kuumeni, ndani naingia.

Waisiko

*

Kerende
19 Septemba 2024

Shangazi mpendwa sana,

Shikamoo, shikamoo tena.

Mawili. Yaani meno mawili makubwa, yale mengine bado ya utoto. Ni dume la ng'ombe, bado kijana.

Naomba usome mpaka mwisho kabla ya kukasirika. Tulipojenga, Irine alinipa sharti moja tu: ng'ombe asiingie ndani ya fensi, ng'ombe wakae Kemambo kwa baba. Nikakubali mbele ya mchungaji. Lakini wewe unamjua kaka yako. Ng'ombe akilala bomani kwa baba siku mbili, siku ya tatu ni wa baba. Anampa jina, anamsifia kwa wageni, na mimi nabaki mtu wa kuja kusalimia ng'ombe. Nina miaka thelathini na minne. Kazini wenzangu wa Tarime wananiita mfugaji wa majani. Tukikaa kula, mmoja ananiuliza, "Majani yako yamezaa?" Wote wanacheka, na mimi nacheka, ila inauma, shangazi. Inauma kweli.

Mwezi wa tano, Irine alipoondoka, nikaenda mnadani kuangalia tu. Nilirudi naye.

Nje ya fensi wangemwiba usiku wa kwanza. Nikamfunga ndani kwenye kigingi. Na kwa kuwa niliyaheshimu majani, kila baada ya siku chache nilihamisha kigingi hatua nne, nikimaliza bustani narudia mwanzo, ili asipakanyage mahali pamoja. Niliona nafanya haki. Ndiyo hiyo nidhamu uliyoiona kwenye ramani.

Kuna la pili. Mwezi uliopita jirani yangu Nikolaus alisema huenda kuna wadudu kwenye majani. Nilikuwa na dawa ya kuogeshea ng'ombe imebaki kwenye bomba. Nikapulizia bustani nzima, kona hadi kona. Madoa hayajapungua. Lakini naweza kukuhakikishia, shangazi, majani yangu hayana kupe hata mmoja.

La tatu na la mwisho. Picha ninazomtumia Irine nilizipiga mwezi wa nne. Jana ameniuliza kwa nini shati langu la bluu lina miezi miwili halijaanuliwa kwenye kamba. Nikamwambia mtandao unakatika.

Niambie nifanye nini. Chochote utakachosema.

Nyangwine

*

Mugumu
1 Oktoba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimekasirika, halafu nimecheka, halafu nimekasirika tena, sasa nimetulia. Mtama uliobaki nimevuna. Jitahidi nawe uvune akili.

Dume apelekwe kwa kaka yangu kesho. Si keshokutwa. Ndiyo, atamchukua, na atampa jina, na wewe utavumilia. Ulishakula kiapo, na kiapo hukukula na majani, umekula na mke wako.

Kisha fanya hivi. Kila doa limwagie ndoo tatu za maji asubuhi, siku nne mfululizo, taratibu, maji yazame yaishushe ile chumvi na hiyo urea yako. Siku ya tano kwangua majani yaliyokufa kwa reki, yote, usiyaonee huruma. Chimbua udongo kina cha kidole. Weka samadi iliyooza hasa, ile isiyonuka tena, kiasi kidogo uchanganye na mchanga. Samadi mbichi ukiitia tumerudi tulikotoka. Chukua vipande vya ukoka vyenye mizizi kutoka pembezoni, kule nyuma ya tangi, uvipande kwa umbali wa vidole vinne. Kandamiza kwa mguu mtupu. Mwagilia asubuhi tu. Usikate mpaka yafunge. Mvua za vuli zitakusaidia, ila zisikufanye mvivu. Wiki tisa zinatosha ukianza leo.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Unamkumbuka Ghati wangu aliyeolewa Sirari. Nilienda kwake mara moja tu, alipojifungua. Nyumba nzuri, ya vigae. Mimi ndani siingii, mila ni mila, na mkwe wangu ni kijana wa heshima, hakuwa na kosa. Lakini nje palikuwa na zege na gari. Wakanitafutia mahali. Wakanikalisha nyuma ya jiko kwenye ndoo iliyopinduliwa, mlango wa kuku ukiwa magotini. Ghati akaniletea mtoto hapo nimpakate. Nilikaa saa mbili nikasema nawahi basi. Basi lilikuwa la saa kumi na hiyo ilikuwa saa sita. Nilikaa stendi nikilia kama mjinga, na sijarudi tena, na Ghati anadhani mimi sipendi safari.

Ndiyo maana Irine aliponiambia anataka kupanda majani kwa ajili ya mama yake, nilimtumia mwenyewe kwa basi la Deus gunia la kwanza la mbegu ya ukoka. Nyangwine, yale majani si mapambo. Ukiharibu hapo mimi na wewe hatutaongea hata kwa barua.

Na Irine mwambie ukweli kabla hajaukuta.

Shangazi yako,
Waisiko

*

Kerende
10 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Sehemu ya Ghati nimeisoma nikiwa kwenye lori, nikalazimika kusimamisha, msimamizi akauliza kwenye redio kama nimepata hitilafu. Nikamwambia vumbi.

Dume yupo kwa baba. Nilimpeleka mwenyewe kwa miguu, kwa muda wa saa tatu, tukiongea. Baba alimzunguka mara mbili, akampapasa mgongo, akasema, "Huyu ndiye niliyekuwa namkosa." Siku ya tatu nilipopiga simu, alinisimulia habari za "dume langu". Ulijua.

Madoa: yote kumi na tisa nimemwagilia, nimekwangua, nimepanda. Mvua imenyesha vizuri. Hadi Oktoba thelathini, kumi na sita yalikuwa yamefunga. Halafu likatokea jambo. Jumapili nimetoka kanisani nakuta geti liko wazi na dume amelala katikati ya bustani anacheua. Alikata kamba Kemambo, akapita Nyamongo yote, sokoni, kwenye bodaboda, hakuna aliyemgusa, akafika nyumbani. Alikuwa amekula doa namba tano, namba sita na namba kumi na mbili. Ule ukoka mpya, laini. Nilitaka kumchapa nikashindwa. Shangazi, alinifuata mimi! Baba hakuna ng'ombe aliyewahi kumfuata.

Nimemrudisha. Madoa matatu nimepanda upya. Baba amemfunga kwa mnyororo na anasema mimi ndiye niliyemlea vibaya.

Irine bado sijamwambia. Nilianza kumwambia mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa ana mtihani. Mara ya pili alisema anavyowasimulia wenzake chuoni kuhusu majani yake, na mimi nikasema usiku mwema.

Nyangwine

*

Mugumu
21 Novemba 2024

Nyangwine,

Marahaba. Barua hii ni fupi, nachambua maharage. Matatu yaliyoliwa usiyakimbize kwa mbolea. Maji na subira. Kama hayajafunga mpaka siku yenyewe, mkeka wa mama Bernadetha uuweke mbali nayo na wewe ukae mbali na mkeka.

Kuhusu Irine umeniandikia sababu mbili na zote mbili ni "naogopa". Sikulaumu, mimi pia kwa Ghati nasema sipendi safari. Ila mimi ni mzee na wewe bado una nafasi.

Wanapanda basi la Deus Jumamosi, tarehe kumi na nne mwezi ujao, saa mbili asubuhi. Irine atakuja kwanza hapa kumchukua mama yake. Mama Bernadetha anasema atakaa siku mbili tu, asikuchoshe.

Waisiko

*

Kerende
27 Desemba 2024

Shangazi,

Shikamoo na heri ya Noeli. Natumaini kitoweo nilichompa Deus akuletee kilifika. Hapa tunaendelea vizuri, ila kwa kiasi, kama nitakavyoeleza.

Walifika salama. Mimi nilijificha jikoni kama inavyotakiwa, nikachungulia kwa dirisha la pembeni linalotazama geti. Mama mkwe alisimama getini. Alivua viatu. Irine akamwambia, "Mama, kanyaga tu, ndiyo sebule yako." Akakanyaga kwa kidole kwanza, kama mtu anayepima maji ya kuoga, halafu mguu mzima. Irine akatandika mkeka. Mama mkwe akakaa, akanyoosha miguu, akapitisha kiganja kwenye majani pande zote mbili. Irine alikuwa analia, mimi jikoni nilikuwa nakatakata kitunguu ambacho hakuna aliyekiagiza.

Halafu mama mkwe akaangalia mbele yake. Namba tano na namba sita zilikuwa zimefunga, lakini kijani chake bado ni kichanga, kinaonekana. Akamwambia Irine, kwa sauti ya kumfikia mtu aliye jikoni, "Hapa alifungwa dume."

Irine akasema, "Mama, hapa hajawahi kuingia ng'ombe."

Mama mkwe akasema, "Dume. Jike hukojolea nyuma, doa lingekuwa mbali na tundu la kigingi. Tena aliyemfunga alikuwa anamhamisha, hakuwa mtu mbaya."

Irine aliingia jikoni. Shangazi, nilimwambia yote hapo hapo, mnada, kigingi, urea, dawa ya kupe, picha za mwezi wa nne, shati. Hakuniongelesha siku hiyo, wala siku ya pili. Aliniwekea chakula na kufunika, basi. Ilikuwa mbaya kuliko makelele. Siku ya tatu akaniuliza, "Jina lake nani?" Nikamwambia nilikuwa namwita Bosi. Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka akasema, "Kilichoniuma si ng'ombe. Kila jioni nilikuwa nalala na picha ya uongo." Nikamwomba msamaha kwa magoti, na magoti yangu sasa yana mazoezi. Amesema dume abaki Kemambo, na mimi niende kumwona kila Jumapili, na baba ameambiwa na Irine mwenyewe kwamba yule ni wa Nyangwine. Kwa mkwewe baba hakubisha. Amesema "ndiyo, ndiyo, mwanangu," na kuaga haraka.

Sasa tatizo, na hili ndilo nililokuandikia. Zile siku mbili za mama mkwe leo ni siku ya kumi na nne. Anakaa kwenye majani tangu chai ya asubuhi mpaka giza linaingia, ndipo anaenda kulala kwa jirani mmoja. Anachambua mboga hapo, anasali hapo, majirani wanakuja kumsalimia hapo. Ni mahali pale pale, mbele kabisa ya mlango mkubwa. Na mimi siwezi kupita mbele yake. Kwa hiyo nyumba yangu mwenyewe naingia kwa kupitia uwanja wa Nikolaus na kuruka ukuta wa nyuma, nikiwa na buti za kazini. Jana nilitua juu ya kuku.

Hilo ninavumilia. Lakini asubuhi, kabla hajatoka, niliinua mkeka. Shangazi, majani ya chini yamekuwa ya njano. Yote, kwa umbo la mkeka. Jua halifiki, hewa haifiki. Ni doa kubwa kuliko yote kumi na tisa. Kumwambia ahame siwezi, mila hairuhusu nimsemeshe hivyo. Irine nimemwomba amwambie, amesema, "Mwambie wewe." Nimefikiria kusogeza mkeka hatua nne kila asubuhi kabla hajaamka, ila nimeona nikuulize kwanza, kwa sababu ya historia yangu.

Nitie dawa gani?

Mwanao,
Nyangwine

*

Mugumu
6 Januari 2025

Nyangwine mwanangu,

Marahaba, na heri ya mwaka. Kitoweo kilifika, nusu yake ilienda kwa wenye njaa kuliko mimi. Huku ni pazuri. Jumuiya tumekosa mtu wa kuongoza nyimbo kwa wiki tatu na kila anayejaribu anaanza juu mno, lakini hakuna anayelalamika. Nimewaambia yuko kwa binti yake, na nimelisema hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Nimefurahi umesema ukweli, hata kama ni baada ya kukamatwa. Irine ana haki ya kuumia na wewe usimharakishe kusahau.

Usisogeze mkeka. Hata hatua moja. Endelea kuruka ukuta, wewe bado kijana, na kuku wa pili akifa mle.

Doa hilo nalijua, na katika miaka ishirini na miwili sikuwahi kulitibu. Si funza wala ukungu, ni mtu amekaa mahali akapapenda. Mama Bernadetha ametuma salamu kwa Deus. Ameniambia hajaamua siku ya kurudi. Kwa miaka minne mama huyu alikuwa akiniuliza nyumba ya mwanawe ina madirisha mangapi, na mimi namjibu kwa kukisia. Sasa amehesabu mwenyewe.

Siku akiondoka, ndoo na reki yako viweke chini. Majani yatarudi yenyewe mvua zikija. Wewe acha kwanza Irine apaone mahali mama yake alipokaa.

Shangazi yako,
Waisiko